Chuo Kikuu Kilipoolewa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani. Ramani yake ilipelekwa kwa mpiga chapa zamani za utawala uliopita, na mpiga chapa bado anasubiri kuambiwa bahari ipakwe rangi gani. Kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukisoma hapa jambo linalofanana na la kwenu, ujue kwenu ndiko walikoiga, maana sisi hatuigi kitu cha mtu. Hata matatizo yetu tumeyabuni wenyewe.

Mimi ni mshenga. Kazi yangu ni kuposa. Nimewaposea vijana wazuri na vijana wabaya, nimewaposea wazee wenye wake tayari na wazee wasio na meno, na sijapata kurudi na jibu la hapana ila mara moja, na mara hiyo nilikuwa nimekosea nyumba. Jina langu Fumbwe wa Mwinchande. Naipenda serikali yetu na naipenda pilau, na sijaona bado sababu ya kuchagua kati ya viwili hivyo.

Serikali yetu ilikuwa na jambo la kujivunia, nalo ni Ngazi ya Elimu. Zamani mtoto wa nchi yetu akimaliza sekondari alikuwa akikitazama Chuo Kikuu kule kilimani, kimezungushiwa ukuta, kisha anarudi nyumbani kulala. Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Ngazi na Vipandio alipotangaza kwamba kila kata itajengewa Chuo cha Kata. Mtoto atasoma hapo miaka miwili, karibu na kwao, anakula ugali wa mama yake, kisha atahamia Chuo Kikuu kumalizia miwili iliyobaki. Siku ya uzinduzi ililetwa ngazi hasa, ya mbao, imepakwa rangi za bendera. Mheshimiwa akakata utepe, akapanda vipandio vichache, akatupungia mkono, akashuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakufika juu, kwa sababu wote tulikuwa tunaona: ngazi haikuegemezwa popote. Ilikuwa imeshikwa na askari wawili, mmoja huku na mmoja huku, na jasho linawatoka.

Tangu siku hiyo, kila mwaka, Mheshimiwa alisimama Bungeni akasema: "Mheshimiwa Spika, naomba kulitaarifu Bunge lako tukufu kwamba hadi leo hakuna mwanafunzi hata mmoja wa Chuo cha Kata aliyeomba kuhamia Chuo Kikuu akakataliwa." Wabunge walipiga meza. Na ilikuwa kweli tupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameomba.

Kisha akaomba Siwatu.

*

Siwatu ni binti wa Bi Mwanamvua, muuza mtindi wa kata yetu. Ni mrefu, ni mwepesi wa kucheka, na ana kasoro moja: akikasirika huzidi adabu. Ukimsikia anakwambia "naam" na "tafadhali" mfululizo, tafuta pa kujificha.

Alisoma Maziwa na Mifugo katika Chuo chetu cha Kata, na alisoma vizuri. Lakini hapa lazima nieleze mgawanyo wa masomo, ambao ulipangwa na wataalamu ili vyuo visije vikagombania ng'ombe. Chuo cha Kata kinafundisha ng'ombe mzima. Ng'ombe mgonjwa anafundishwa Chuo Kikuu, kuanzia mwaka wa tatu. Kwa hiyo kata yetu ilijaa vijana wanaomjua ng'ombe mwenye afya kuliko ng'ombe mwenyewe anavyojijua, na ng'ombe akikohoa tu wote wanarudi nyuma hatua moja, kwa kuheshimu mtaala.

Mwaka uliotangulia ombi hilo, Chausiku, ng'ombe wa Bi Mwanamvua, aliumwa kiwele. Darasa zima lilikuja kumtazama. Sikio lilikuwa zima, wakalitaja. Kwato zilikuwa nzima, wakazitaja. Mkia ulikuwa hauna neno. Wakataja kila kiungo kisichoumwa, mpaka Chausiku akafa. Siku hiyo Siwatu alilia sana, akiwa amekishika kile kiwele kigumu, na mimi niliyekwenda kwa ajili ya mtindi tu nililia naye, sikujua kwa nini.

"Babu Fumbwe," akaniambia alipofuta macho, "mimi nimefundishwa nusu ya ng'ombe. Naitaka nusu ya pili."

Alimaliza miaka yake miwili, akaenda kwa Mkuu wa Chuo cha Kata, Bi Rukia Shemweta, akaomba ahamishwe. Bi Rukia alifurahi kwanza, kisha akaogopa, kisha akafungua Kanuni. Kanuni ilikuwa na sentensi moja: Mwanafunzi atahamia Chuo Kikuu kwa utaratibu unaofaa. Chini yake kulikuwa na nyingine iliyoongezwa baadaye: elimu ya Kata isiyohamishwa mpaka kengele ya muhula mpya ikalia kilimani itahesabiwa imechacha, na mwenye nayo ataanza upya, ikiwa bado anaona raha. Kengele hiyo ilikuwa si mbali kulia.

Bi Rukia akaiuliza Wizara utaratibu unaofaa ni upi. Wanasheria wa Wizara wakafungiwa hotelini na viyoyozi, wakatafiti. Jibu likaja kwa waraka, nami nalinukuu kwa heshima: "Baada ya utafiti wa kina, Wizara imebaini kwamba katika nchi yetu utaratibu pekee unaofaa wa kumtoa binti nyumba moja na kumhamishia nyumba nyingine, bila kelele za majirani, ni posa."

"Na wanafunzi wavulana?" akauliza Bi Rukia kwa simu.

"Suala la wavulana," akajibiwa, "limeundiwa tume."

Basi wakanitafuta mimi.

*

Nilikwenda kilimani nimevaa kanzu yangu ya kuposea na koti juu yake, mkononi nina kisahani cha tambuu kilichofunikwa kitambaa. Getini alisimama askari mmoja mnene, mwenye haya, jina lake Kibwana.

"Shikamoo mzee. Una barua?"

"Marahaba. Nina tambuu."

Akafunua kitambaa, akachukua kipande cha popoo, akanifungulia. Nikaona hapa pana mtu aliyelelewa na mamaye.

Seneti ya Chuo Kikuu ni wazee wanaovaa majoho mekundu mwaka mzima, hata wakati wa joto, wasije wakasahau kwamba wamesoma. Mwenyekiti wao alikuwa Profesa Daktari Mhandisi Hamidu Lugendo, bingwa wa magonjwa ya ng'ombe. Ameandika vitabu vinene juu ya magonjwa hayo, vyenye picha za rangi, na ng'ombe wenyewe yeye huwatazama kwa mbali kwa kuwa anaogopa pembe. Mezani mbele yake palilazwa Rungu la Taaluma, la mpingo na fedha, ambalo sheria ya nchi inasema juu yake: palipo na Rungu ndipo palipo na Chuo Kikuu. Hata kengele ya muhula haipigwi Rungu lisipokuwapo.

Nikawaeleza kwamba Wizara imetoa waraka, na Kata wana binti wao, na wanangojea Chuo Kikuu kije kuposa. Nasema kweli, niliona aibu kidogo. Katika maisha yangu sijapata kutumwa na upande wa mwali kwenda kumsukuma bwana. Lakini waraka ni waraka.

"Chuo Kikuu," akasema Profesa, "kiende Kata, kikabishe hodi?"

"Hodi haina ukubwa, Profesa."

"Huyo binti ametoka nyumba gani?"

"Nyumba ya maziwa."

"Anajua nini?"

"Anajua kukamua, kugandisha mtindi, kutengeneza samli. Na ng'ombe anamjua."

"Anamjua kwa picha, au..." akasita, "kwa ng'ombe?"

"Kwa ng'ombe."

Seneti ikanong'onezana. Mjumbe mmoja akasema hilo ni tatizo, kwani ng'ombe wa Kata hajahakikiwa na jopo, wakati ng'ombe wa Chuo Kikuu, aliye ukutani, amehakikiwa mara nyingi na hajapata kubadilika. Mwingine akasema binti akishazoea ng'ombe anayetembea itakuwa vigumu kumrekebisha. Nilitikisa kichwa kwa kukubali. Mshenga hakubishani na wenye nyumba.

Mwishowe Profesa akauliza lile ambalo kila mtu huuliza mwishoni. "Na mahari?"

"Mahari hutoa bwana," nikasema. "Yaani nyinyi."

Nikamsikia nzi anatembea juu ya Rungu. Wakaomba niwapishe. Nikakaa nje na Kibwana, tukatafuna tambuu, na kutoka ndani tukasikia sauti kama za sokoni siku ya mwisho ya mwezi. Nilipoitwa tena, Profesa alikuwa amesimama, ametanua joho.

"Ndugu mshenga," akasema, "Seneti imelitazama suala hili kwa urefu wake, upana wake na kimo chake. Tumejiuliza: Chuo Kikuu ni nani? Ni mama wa elimu. Mama ni nani? Ni mwanamke. Mwanamke hufanya nini na mahari? Huyapokea! Kwa hiyo imethibitika, bila kubakisha shaka, kwamba Chuo Kikuu ndicho mwali. Huyo binti wa Kata ndiye bwana harusi. Waambie walete mahari."

Majoho yote yakapiga makofi. Na kwa vile samli ya kata yetu inasifika nchi nzima, wakasema mahari yawe samli, mtungi wa kutosha, na ndama jike juu yake. Kisha wakaanza kugombania kilemba cha mjomba. Kila mjumbe alikuwa mjomba. Nimeposa nyumba nyingi, sijaona mwali mwenye wajomba wengi vile.

*

Bi Rukia alipopata habari alirusha kalamu ukutani.

"Mtoto tutoe sisi, na mahari tutoe sisi? Hiyo ni posa au ni wizi wa mchana? Mzee Fumbwe, hukuwajibu?"

"Niliwapongeza, mama."

Siwatu alikuwa amekaa, mikono mapajani. "Naam," akasema taratibu. "Tafadhali, babu, naomba urudie. Wamesema wao ndio nani?"

"Mwali."

"Wao ndio mwali. Na mimi?"

"Wewe bwana harusi."

Akamtazama mama yake. Bi Mwanamvua, ambaye alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa muda wote huo, akaacha kusukasuka. Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yanatikisika, akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. Siwatu naye akacheka. Bi Rukia akawatazama, akafikiri, naye akakaa chini akajifunika uso kwa faili, anacheka ndani yake. Mimi sikuelewa walichokuwa wakicheka, na mtu mzima hapendi kuuliza.

"Wapeni samli," akasema Bi Mwanamvua, akijifuta machozi. "Wapeni ile nzuri."

Nikaipeleka mwenyewe. Ilikuwa samli ya rangi ya dhahabu, inanukia hiliki, na Seneti haikusubiri hata mkutano ufunguliwe. Wakaagiza chapati. Majoho yalichafuka. Ndama akafungwa kwenye nguzo ya Maktaba, na baada ya kufikiri kidogo akala ilani ya masomo. Nilingoja mpaka mtungi ulipolia utupu, nikauliza, kama mshenga yeyote anavyouliza mahari yakishaliwa:

"Basi, tuje lini kumchukua mwali?"

"Kumchukua nani?" akauliza Profesa.

"Mwali, Profesa. Mmeposwa, mmepokea, mmekula. Mwali sasa anahamia kwa mume. Ndio utaratibu unaofaa."

Profesa akaacha kutafuna. Akautazama mtungi, akautazama waraka wa Wizara, akawatazama wajomba. Mjumbe mmoja akapendekeza mahari yarudishwe, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa njia gani. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge, na hawa walikuwa wamekwisha kujipaka sabuni.

Ikapigwa kura nani akiwakilishe Chuo Kikuu huko kwa mume. Hapo nilijifunza jinsi elimu ya juu inavyodhuru mwili: mmoja alikuwa na mgongo, mwingine presha, mwingine alikumbuka kongamano la ng'ambo, na waliosalia wakasema mila iko wazi, wajomba hawafuatani na mwali. Profesa Lugendo akachaguliwa kwa kura zote isipokuwa yake.

*

Siku ya kumchukua mwali, kata nzima ilipanda kilimani na ngoma. Bi Mwanamvua alitangulia na wanawake wa mtindi, wamevaa sare, vigelegele mpaka ndege wakahama. Profesa akatolewa akiwa amevaa joho, kichwani amefunikwa kanga kama ada inavyotaka, mikononi amelikumbatia Rungu la Taaluma. Tukampandisha kwenye tela la trekta la Chuo cha Kata, juu ya mkeka mpya. Chini ya kanga nilimsikia akisema, "Ndugu mshenga, mimi nina shahada tatu." Nikamwambia, "Hongera, mwali. Kaa vizuri, kuna mashimo."

Rungu likawekwa juu ya meza katika chumba cha kugandishia mtindi. Na kwa kuwa palipo na Rungu ndipo palipo na Chuo Kikuu, kuanzia saa hiyo Chuo Kikuu kikawa Kata, kati ya mapipa ya maziwa na banda la mbuzi.

Mheshimiwa Waziri hakuweza kulikosa jambo kama hilo. Alikuja na ile ngazi yake, na askari wa kuishika.

"Ndugu wananchi!" akasema, kipandio cha pili. "Walikuwapo wabezaji waliosema Ngazi ya Elimu haifiki juu. Leo nawauliza, wako wapi? Kuna haja gani ya kufika juu, ikiwa juu kumeshuka? Nchi nyingine zinapeleka wanafunzi vyuoni. Sisi, kwa sera madhubuti, tumepeleka chuo kwa mwanafunzi! Naagiza jambo hili liigwe, lakini lisiigwe haraka."

Tukampigia makofi, tukala pilau. Ilikuwa na nyama ya kutosha, na mimi sina la kuongeza.

*

Mwali, kama mjuavyo, hukaa fungate. Bi Mwanamvua ndiye aliyekuwa somo wake wa kumfunda, na hakumwonea haya.

"Mwanangu," alimwambia yule bingwa, "hapa si kwenu. Hapa asubuhi tunaamkiana. Huchagui chakula. Na huli mtindi wa watu ukasema ni wa kawaida."

Siku za mwanzo Profesa alijifungia chumbani na vitabu vyake, akila kwa kununa. Siwatu alipita kila asubuhi dirishani. "Shikamoo, Profesa." "Marahaba, bwana," alimjibu kwa uchungu. Siwatu alikuwa ameanza kuhuzunika, na hakuificha. Aliniambia kwamba amekiweka Chuo Kikuu kizima ndani ya chumba cha mtindi na bado hakijamfundisha hata mkia. Na kengele inakuja.

Kisha asubuhi moja Mapambo, ng'ombe aliyewabakia, akakataa kukamuliwa. Siwatu akatia mkono, akakikuta kiwele kigumu upande mmoja na cha moto, vilevile kama cha Chausiku. Akakimbia mpaka kwenye mlango wa Profesa akaugonga kwa ngumi mbili. Hakusema naam wala tafadhali.

"Toka! Ng'ombe anaumwa. Toka, nakuomba kwa jina la mama yako."

Mlango ukafunguka kidogo. "Binti, mimi... naogopa pembe."

"Pembe ni nzima. Nusu nzima nitaishika mimi. Wewe njoo na nusu yako."

Nilikuwapo, nikayaona. Siwatu alimkumbatia Mapambo shingoni, akamnong'oneza, akamtuliza mpaka akatulia. Profesa akaja kwa nyuma, joho limeshikwa juu ya magoti, akanyoosha kidole kimoja akakigusa kiwele. Akakamua kidogo, yakatoka maziwa yenye madonge. Akayatazama kiganjani muda mrefu.

"Ndiye," akasema. Kisha akapiga kelele, "Ndiye huyu! Bi Mwanamvua, njooni, ndiye yeye hasa! Nimemfundisha maisha yangu yote, na ndio kwanza tunaonana!" Machozi yalikuwa yanamtoka kama mtu aliyepokea ndugu kutoka safarini. Akataja dawa, mtu akatumwa duka la mifugo. Akaonyesha namna ya kukamua uchafu wote utoke, namna ya kukanda kwa maji ya moto. Alikuwa anajua kila kitu, mzee wa watu. Alichokosa ni ng'ombe tu.

Mapambo akapona. Tangu hapo Profesa hakulala ndani mchana. Yeye na Siwatu walizunguka kata nzima, yeye ameshika kiwele na Siwatu ameshika pembe, na jioni walikaa jikoni kwa Bi Mwanamvua wakibishana juu ya kupe kama watu waliofahamiana tangu utoto. Joho alilining'iniza mlangoni, mbuzi wakalila pindo, hakulia.

*

Fungate likaisha, na kule kilimani Seneti ikakumbuka kwamba bila Rungu kengele ya muhula haipigwi, na kengele isipopigwa mishahara haitoki. Wajomba wote wakapona siku moja. Wakaja na gari.

"Ndoa ilikuwa nzuri," wakasema. "Kila mtu sasa arudi kwake."

"Na uhamisho wa Siwatu?" akauliza Bi Rukia.

"Kanuni inasema mwanafunzi atahama. Aliyehama hapa ni Chuo. Mwanafunzi hajahama hata hatua moja, tumemkuta tulipomwacha. Kengele inalia kesho asubuhi. Elimu yake, kwa bahati mbaya, inachacha."

Profesa akafungua kinywa kumtetea. Wakamkumbusha kwamba yeye ni mwali, na mwali hana kura.

Bi Mwanamvua alishika kibuyu chake kifuani. Mimi moyo uliniuma kweli, na mimi ni mtu mwenye imani na taratibu. Nikamtazama Siwatu, nikijua atalia.

"Naam," akasema Siwatu.

Nikarudi nyuma.

"Tafadhali sana, wajomba, mchukueni mke wangu. Ana ruhusa yangu kwenda kuwasalimu wazee wake. Ila naomba radhi: mwali hapelekwi kwao peke yake mara ya kwanza kama mzigo wa kuni. Mume humsindikiza. Au kwenu si hivyo?"

Wajomba wakatazamana. Kusema kwao si hivyo kungekuwa kusema hawana kwao.

Tukaondoka alfajiri, safari hii ngoma zikitutangulia. Siwatu alivaa kanzu yangu ya kuposea, iliyomfika magotini, na kilemba juu. Profesa alikaa kando yake na Rungu, anachungulia chini ya kanga, na sikumbuki kumwona mwali mwenye furaha vile. Tulipofika getini jua lilikuwa ndio linatoka na mpiga kengele ameshashika kamba.

"Hakuna kuingia bila barua!" akapiga kelele mjomba mmoja kutoka ndani. "Kibwana! Muulize barua yake!"

Kibwana akamtazama Siwatu. Akanitazama mimi.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Mkwe," nikasema.

Nilishawaambia kwamba yule ni mtu aliyelelewa na mamaye. Alivua kofia, akaikunja kwapani, akalifungua geti lote, hata ule upande unaofunguliwa akija Rais tu.

"Karibu, mkwe. Karibu nyumbani. Pole na safari."

Siwatu akaingia, akamsalimu kila mjomba kwa jina, akakaribishwa chai, maana hata wajomba wale walikuwa na mama zao. Akanywa. Kisha akaomba aonyeshwe nyumba. Profesa akamwonyesha: hii Maktaba, huyu ndama wenu, na hili, bwana wangu, ni darasa la mwaka wa tatu, ng'ombe mgonjwa. Siwatu akakaa kwenye benchi la mbele. Kengele ikalia.

Seneti iliitisha kikao cha dharura siku ileile. Ajenda ilikuwa moja: nani atamwuliza mkwe anaondoka lini. Hakuna kanuni inayokataza kuuliza. Lakini katika nchi yetu, pamoja na mapungufu yake yote ambayo hayapo, hajazaliwa bado mtu wa kumwuliza mkwe swali kama hilo. Kikao kinaendelea mpaka leo, kimeahirishwa mara nyingi kwa ajili ya chapati. Mkwe yuko mwaka wa nne. Bungeni, Mheshimiwa Waziri amelitaarifu Bunge tukufu kwamba bado hakuna aliyeomba akakataliwa, na kwa mara ya kwanza nilipiga meza yangu nyumbani bila kuwaza kitu.

Tume ya wavulana nayo imemaliza kazi. Imependekeza nao waoe.

Jana nimepanda tena kilimani. Nyuma yangu walikuwa vijana wa kata zote, wake kwa waume, wamejipanga kutoka getini mpaka chini barabarani, kila mmoja na mtungi wake wa samli. Kibwana alituona tangu mbali. Hakuuliza barua. Alianza kuvua kofia.